Matembezi ya mizimu usiku Kisumu, na baa nne katikati: niende ama nisiende?

"Habari. Mi ni mwanamke wa miaka 31, nimehamia Kisumu kikazi mwaka huu kutoka Nakuru. Wenzangu wa ofisi wamepanga Ijumaa twende matembezi ya mizimu, yaani kuna mtu anatuzungusha mjini usiku akitupigia hadithi za mapepo na katikati tunaingia baa nne. Tunaanza saa moja jioni, tunamaliza saa sita. Bei ni 2,000. Mi si mnywaji, nikikunywa ni bia moja mbili, na saa hii nameza Piriton juu ya aleji. Mamangu nilipomwambia alikataa kabisa, akasema ukienda kuwatafuta watakufuata hadi nyumbani, na kusema ukweli mi mwenyewe nikilala peke yangu huwa naogopa. Pia nimeskia mambo ya jajuok na nyawawa huku. Sitaki kuonekana mshamba ofisini. Je, ni salama? Na lazima nikunywe?"

Dada, karibu Kisumu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutuma pesa. Nikisoma vizuri naona maswali matatu yamefungwa pamoja: kama huko nje kuna kitu cha kukudhuru, kama pombe ni lazima, na kama kichwa chako kitatulia ukirudi kulala peke yako. Kazi yangu ni kuongoza watu usiku hapa mjini na kando ya ziwa, na nitakujibu venye ningemjibu dadangu wa tumbo moja. Unaweza kwenda, na unaweza kwenda bila kuonja hata tone. Lakini usilipe mpaka huyo mwenye matembezi akueleze vizuri mtatembeaje kutoka baa moja hadi nyingine na kila mtu atafikaje kwake. Hapo katikati, mkishatoka baa na hamjafika ile ingine, ndipo watu huumia.

Hii biashara yenyewe ilianzia mbali. Mji wa York kule Uingereza umekuwa na matembezi ya mizimu tangu 1973, Edinburgh wanayo, na kule Marekani miji ya Savannah na New Orleans ndiyo imeyaunganisha sana na baa. Sasa huko New Orleans na Savannah sheria inaruhusu mtu kutembea na kinywaji chake kwa kikombe cha plastiki katika ile mitaa ya zamani, kwa hivyo mtu akiona video anadhani hiyo kitu yote unaweza kuileta vile ilivyo mpaka Oginga Odinga Street hapa Kisumu. Haiwezi. Leseni ya baa hapa kwetu ni ya mle ndani, chupa inabaki kwa meza. Halafu kuna masaa: sheria ya pombe ya 2010, ile tulizoea kuita sheria ya Mututho, inasema baa ya kawaida inauza saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Nyinyi mnamaliza saa sita. Ina maana kituo cha mwisho kiwe ni klabu yenye leseni ya usiku, la sivyo mtajipata ndani ya msako, na wanaopakiwa kwa lori ni wateja pia, msidhani ni mwenye baa peke yake. Muulize huyo jamaa baa ya nne ni gani na ina leseni gani. Kama hajui, ujue hajapanga.

Kuhusu kunywa, hapana, si lazima, na mwongozaji anayejua kazi hawezi kukulazimisha. Hizo 2,000 mara nyingi ni za mwongozaji na hadithi, pombe kila mtu anajilipia, lakini uliza ndio usishtukie bili. Sema mapema kwamba unakunywa soda ama maji, sema na sauti ya kawaida bila kujieleza sana, na watu wataendelea na maisha yao. Kwa kundi la usiku mi binafsi huwa nashukuru sana nikipata watu wawili watatu ambao hawanywi, kwa sababu hao ndio macho yangu ya nyuma.

Lakini kuna hesabu nataka uielewe, manake wenzako wengi hawaijui. Bia ya chupa ya mililita 500 ina gramu kama 16 hadi 20 za pombe. Ini la mtu mzima linachoma gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa moja, kwa hivyo chupa moja inahitaji kama masaa mawili kuisha mwilini. Sa mtu akikunywa chupa moja tu kwa kila baa, ambayo wengi wataiita kunywa kidogo, saa sita usiku bado ana kama chupa moja na nusu inazunguka kwa damu, na itaisha karibu saa tisa. Kahawa haiharakishi. Supu, maji baridi, kutapika, hakuna hata moja inayoharakisha. Chakula kikiliwa mapema kinasaidia pombe isiingie kwa kasi, ndio maana nasema muanze na ugali na samaki kabla ya hadithi ya kwanza, lakini ikishaingia ni muda tu. Na sisi wanaume tusijilinganishe na nyinyi, mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kwa hivyo bia ileile inapanda zaidi.

Kwako, pombe na Piriton pamoja ni no kabisa. Hiyo dawa ni ya zile za aleji zinazoleta usingizi, na pombe inaongeza huo usingizi juu yake, unaweza kukunywa bia moja ukawa kama mtu aliyekunywa nne. Hata bila bia, Piriton peke yake inapunguza uangalifu wa kutembea gizani. Pita kwa famasia kabla ya Ijumaa umuulize mfamasia kama kuna ile haileti usingizi sana inayokufaa, ama umeze saa ngapi. Usiache dawa ghafla ndio ukakunywe, tafadhali.

Sasa tuje kwa giza lenyewe, kwa sababu hapa ndipo mizimu mingi inazaliwa. Jicho la mtu likitoka kwa mwangaza linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Hapa Kisumu jua linazama kabla ya saa moja mwaka mzima, kwa hivyo mkianza giza linaingia, macho yanaanza kuzoea, halafu mnaingia baa ya taa za rangi na tivi kubwa ya mpira, na ule uzoefu wote unafutika. Mnatoka nje mko kama vipofu tena. Mnafanya hivyo mara nne! Na kila mara kunywa kumeongezeka kidogo. Hizo dakika tano za kwanza nje ya mlango wa baa ndizo naogopa kuliko chochote usiku mzima, kwa sababu mitaro yetu mingine iko wazi, kuna mahali slabu imeondolewa na hakuna mtu ameirudisha, na hakuna mtu anaangalia chini, wote wanacheka wakiangalia nyuma kuona nani amebaki akilipa. Nimeona mguu wa mtu ukizama mpaka gotini kwa mtaro na simu ikaenda na maji. Mwongozaji mzuri huwasimamisha hapo mlangoni mpaka macho yazoee, anahesabu watu, ndio mnasonga.

Na usiku huo huo jicho likiwa na mwangaza kidogo halioni rangi wala umbo vizuri, linaona mwendo na kivuli, na linaona vizuri zaidi pembeni kuliko katikati. Ndio maana unaona kitu kimesimama kando, ukigeuka ukiangalie moja kwa moja kimepotea. Ubongo haupendi kuachiwa nafasi tupu, unajaza na kile kimetoka kuzungumziwa. Kama umetoka kuambiwa hadithi ya mwanamke aliyetoka ziwani, nguo iliyoanikwa kwa kamba itakuwa mwanamke. Uoga nao unamwaga adrenalini, moyo unapiga, jasho, nywele zinasimama, na hiyo ndiyo raha watu wanalipia, ni uoga wa kweli mahali salama. Shida ni kwamba adrenalini inamfanya mlevi ajihisi ako chonjo kabisa wakati miguu na uamuzi wake vimeshaenda. Mtu ambaye angekaa chini kwa sababu ya bia tatu, sasa anataka kukimbia mbele aone ni nini kilisonga pale.

Ndio maana mi napenda hadithi zije kwanza na chupa baadaye, vituo viwili vya hadithi mkiwa wazima, baa za karibu karibu mwishoni, na hakuna kutembea tena baada ya ya mwisho. Baa nne zilizotawanyika mji mzima na hadithi katikati ya kila moja ni mpangilio mbaya. Mwambie hivyo, sio kosa kumwambia.

Mamako sasa. Usimdharau, anaongea kwa upendo na kuna kitu ameona hata kama anakieleza kwa njia yake. Watu wengi kweli hurudi kutoka usiku kama huo na "kufuatwa". Nikueleze inavyokuja. Pombe inakufanya ulale haraka, lakini nusu ya kwanza ya usiku inabana ule usingizi wa ndoto. Ikishaisha mwilini, alfajiri hivi, ndoto zinarudi kwa nguvu zote pamoja, zenye rangi na za kutisha, na unaamka amka. Mtu mwingine anaamka akili ikiwa imefunguka na mwili bado umefungwa, hawezi kusonga, anahisi kitu kimemkalia kifuani ama mtu amesimama mlangoni. Hilo ni jinamizi, wazee wetu wanalijua vizuri, linapita kwa dakika chache, na linakuja zaidi ukiwa umechoka, umelala chali, ama usingizi wako umevurugwa. Ongeza hadithi za mapepo za masaa matano juu yake na mtu mwenye huwa anaogopa kulala peke yake. Kwa hivyo kama utaenda, usikunywe, usilale peke yako usiku huo, mwombe mwenzako mmoja mlale kwake ama kwako, na ujue mapema kwamba ukishtuka saa kumi alfajiri ni mwili unafanya kazi yake. Na kama imani yako inakuambia hayo mambo hayachezewi, hiyo ni sababu tosha ya kubaki nyumbani. Sitakubishia. Huna deni la kueleza mtu ofisini.

Jajuok na nyawawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ni mambo ya watu walio hai. Nyawawa ni zile roho watu huku wanasema hupita usiku kutoka upande wa ziwa, na zikisikika watu wanagonga sufuria na mabati ndio zipite na zisiingie kwa mtu. Mtaa mzima unaweza kuamka. Sasa kundi la watu wa ofisi wakilewa na kuanza kugonga mabati saa tano usiku kwa mtaa wa watu wanaolala, mtakuwa mmetisha watoto na wazee ambao kwao si mchezo, na mnaweza kujibiwa vibaya. Na jajuok, yule anayesemekana hukimbia usiku na kurushia nyumba za watu mawe, kuna waongozaji wanaolipa kijana ajifiche avae shuka atoke ghafla ndio wateja wapige nduru. Kataa hiyo. Nduru usiku huku inaita watu, na watu wakija wakamkuta kijana amevaa shuka anakimbia gizani hawatauliza kwanza. Tukumbuke Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowaita wachawi. Mi mwongozaji akisimamisha wateja mbele ya boma la mtu na kusema hapa kuna mchawi, nitaondoka na watu wangu hapo hapo, na nakuomba na wewe uondoke.

Hivyo hivyo na makaburi. Huku watu wengi wamezikwa bomani kwao, kaburi la babu liko mbele ya nyumba na mjukuu anacheza kando yake. Si mahali pa kundi lililotoka kunywa. Na si kila kifo ni hadithi ya kuuzwa na bia. Oktoba 1969 watu walipigwa risasi hapa Kisumu siku Mzee Kenyatta alikuja kufungua ile hospitali tunayoita Russia, na 2008 mji uliumia tena. Familia zao ziko, wengine ndio watawauzia hiyo soda. Hizo zinasimuliwa mchana, watu wakiwa wamekaa, kwa heshima.

Sio kwamba hakuna cha kusimulia, ziko nyingi sana na nzuri. Reli ilifika hapa Desemba 1901 mahali paliitwa Port Florence, na katika vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India kuijenga, karibu 2,500 walikufa kabla ya hiyo kazi kuisha. Simama karibu na stesheni jioni, mtu akueleze hao watu walikuwa nani, utasisimka bila mapepo ya kutunga. Kuna mnara wa saa pale mjini uliojengwa 1938 na familia ya Kassim Lakha kumkumbuka mzee wao. Na kuna zile za ziwa zenyewe. Nyamgondho mwana wa Ombare kule Gwassi, mvuvi maskini aliyevua mwanamke mzee kwa wavu, akampeleka nyumbani na ng'ombe wakajaa boma, mpaka usiku mmoja akarudi amelewa, akachelewa kufunguliwa lango, akamtukana yule mama kwamba alimtoa tu ziwani. Mama akaamka, akatembea kurudi majini, na kila mfugo ukamfuata. Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, watu walikuwa kwa sherehe wanakunywa, mwanamke mzee akaja usiku akiomba chakula na mahali pa kulala wakamfukuza, mvua ikaja na kijiji kikazama, na lile ziwa dogo liko pale mpaka leo, nenda uone. Zote mbili ni hadithi za pombe na kukosa heshima usiku. Mwongozaji akizisimulia vizuri kando ya maji kabla ya chupa ya kwanza, wenzako watakunywa kwa adabu.

Nimesema kando ya maji, lakini si gizani ufuoni. Kiboko hutoka ziwani usiku kuja kula nyasi, na sehemu za Dunga na Hippo Point wanatoka kweli. Ukijiweka kati yake na maji anakuja moja kwa moja, na huwezi kumshinda mbio. Hadithi ya ziwa isimuliwe mahali pa juu penye taa na ukuta, jua likizama, basi. Mbu pia wapo, huku ni eneo la malaria na wewe umetoka Nakuru kwenye baridi, mwili wako haujazoea. Kuna utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa 2010 ulioonyesha mbu wa malaria wanavutwa zaidi na watu waliokunywa pombe ya kienyeji kuliko waliokunywa maji. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu, jipake dawa ya mbu.

Halafu mchele, yaani ile dawa ya kulewesha mtu hutiliwa kwa kinywaji. Kuhama baa nne ni kuacha glasi mezani mara nne. Kinywaji chako, hata kama ni soda, kifunguliwe ukiona, ukienda choo kibaki na mtu unayemwamini ama ukiache kabisa ununue kingine. Mwenzako akilegea ghafla kuliko alichokunywa, msicheke wala msimwache kwa kiti apumzike, wala msimkabidhi mtu "anayemjua." Mlazeni kwa ubavu, mtu mmoja asimwache hata dakika, na mpelekeni hospitali haraka, kwa sababu dawa nyingine zinapotea kwa mkojo ndani ya masaa machache na baadaye vipimo havioni kitu. Kukiwa na dalili kwamba mtu amedhulumiwa kimwili, hospitali ni ndani ya masaa 72, mapema zaidi ni bora, asioge kwanza, na namba 1195 inapokelewa bure.

Kurudi nyumbani, mpange kabla ya kutoka ofisini. Teksi inayojulikana, wawili wawili kwa njia moja, na hakuna mtu kurudi na gari lake hata kama anasema ako sawa. Bodaboda saa sita usiku na mtu mlevi nyuma, bila helmeti, sitakubali kwa kundi langu. Na mwongozaji awe na leseni ya TRA, ile mamlaka ya kusimamia utalii, akuonyeshe, kundi lisizidi watu kumi na wawili hivi, na awe na mtu wa pili wa kutembea nyuma.

Ungekuwa kwa kundi langu ningekushauri ufanye nusu. Ule nao, usikilize zile hadithi za mwanzo, ukae nao baa ya kwanza na soda yako, halafu saa tatu na nusu uchukue teksi na mwenzako mmoja uende. Hakuna mtu atakumbuka Jumatatu uliondoka saa ngapi. Ama wapendekezee kitu kingine: Jumamosi mchana mwende Kit Mikayi kule Seme, mawe makubwa yamepandana na wenyeji wa pale wenyewe ndio wanakueleza hadithi yake na wengine wanaenda kuomba hapo, halafu jioni mrudi mle samaki mahali pamoja. Uoga ni mdogo, lakini kwa mtu anayelala peke yake mi naona ni bora.

Kuna watu ningewaambia wasiende kabla ya kuona daktari: mwenye kifafa, mwenye shida ya moyo ama presha isiyotulia, mjamzito, na mtu ambaye hushikwa na wasiwasi mpaka anakosa pumzi. Wewe umesema huwa unaogopa kulala peke yako. Kama ni uoga wa kawaida wa mtu kwa nyumba mpya mji mpya, utapungua ukizoea. Lakini kama unakukosesha usingizi wiki baada ya wiki, ama unaacha taa na redio usiku kucha na bado huwezi, hiyo haihusiani na Ijumaa hata kidogo, na inatibika. Nenda kituo cha afya uombe kuonana na mshauri, useme hivyo hivyo ulivyoniandikia. Na kama kuna mwenzako ambaye kila mpango wa ofisi lazima uishie kwa baa, namba ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi, ni 1192.

Leo mtumie huyo mwenye matembezi ujumbe mmoja, maswali yote pamoja: baa ni gani na leseni zao, nani anatembea nyuma, kama kuna mtu wa kushtua watu, kama mnaingia makaburini ama mbele ya boma la mtu, na mnarudi vipi. Akijibu yote kwa utulivu, lipa. Akikuambia "usijali, ni fun tu," weka hiyo 2,000 kwa samaki.